Kabla hujaivalisha Impreza rimu za 18, igeuze rimu usome nyuma

Wadau wa Subaru naombeni tuongee kidogo kuhusu hili la rimu, maana haipiti wiki bila mtu kunitumia picha ya rimu aliyoiona Instagram, swali ni lile lile "bro hizi zitakaa kwenye WRX yangu?" na picha yenyewe imepigwa mbele tu, rimu inang'aa, namba hata moja haionekani. Sasa mi nitajuaje? Uso wa rimu hausemi kitu zaidi ya urembo, taarifa zote zimeandikwa nyuma kwenye spoku au pale katikati inapokaa kwenye habu, kwa hiyo ukienda dukani kitu cha kwanza mwambie jamaa aigeuze.

Msimamo wangu nausema mapema kabisa ili asiyeutaka aishie hapa. Kwa gari ya spidi inayoishi Dar, panda inchi moja tu juu ya kile ilichokuja nacho kutoka kiwandani, basi, na hela ambayo ungeimalizia kwenye inchi ya pili nunulia tairi nzuri. Gari yangu ni Impreza WRX ya 2006, ile ya macho ya mwewe, ilikuja na rimu za inchi 17 na sasa inavaa 18. Nimeendesha zote mbili mjini na safari za mkoani, kwa hiyo naongea kitu ninachokikalia kila siku.

Na tusidanganyane, wengi tunapandisha rimu kwa ajili ya muonekano. Hakuna ubaya. Gari inajaa kwenye fenda, ukiipaki unageuka mara mbili kuiangalia. Faida ya kuendesha ipo pia, ubavu wa tairi ukiwa mfupi usukani unajibu haraka, ukikata kona gari haiyumbi yumbi kabla ya kushika. Ila faida hiyo unaipata ukiwa na vipimo sahihi, ukikosea unapata gari nzuri ya kupigia picha halafu inasaga tairi kila ukipakia watu nyuma.

Tuanze na PCD, yaani mpangilio wa matundu ya nati, kwa sababu hii ndo inawarudisha watu dukani siku hiyo hiyo. WRX ya kizazi hiki ni 5x100, yaani nati tano kwenye duara la milimita 100. STI, ndugu yake mwenye nguvu zaidi, kuanzia modeli za 2005 ni 5x114.3, na hiyo ndo ya Mark X, Crown na gari nyingine kibao, ndo maana ukizunguka maduka ya Gerezani rimu kali nyingi utakazooneshwa ni 114.3. Ukisema yako ni 100 atatokea mtu wa kukuambia "hamna shida mkuu tunatoboa matundu mapya". Shukuru, ondoka. Gari yenye turbo inayoshika breki kutoka 140 haitakiwi kusimamia kwenye matundu yaliyotobolewa kwa kukadiria.

Halafu kuna mtego mmoja mtamu kweli, Toyota nazo zina 5x100, mfano Caldina na Celica, kwa hiyo unaona rimu ya original ya Toyota, namba zimekubali, bei nzuri, unalipa. Ukifika kuifunga haikai. Tundu la katikati la hizo Toyota ni milimita 54.1 wakati habu ya Subaru ni 56.1. Milimita mbili tu, na haiingii hata uipige nyundo. Kinyume chake ni rimu za kampuni za rimu zenyewe, hizi mara nyingi zina tundu kubwa, 73.1, ili ziingie gari nyingi, hapo zinaingia kwako vizuri ila zinaelea, uzito wote umeachiwa nati. Dawa yake ni ringi ya katikati, ya nje 73.1 ya ndani 56.1, kitu kidogo cha plastiki au alumini. Ukiona mtu analalamika gari inatetemeka usukani ikifika 90 au 100, ameshafanya balansi, ameshafanya alaimenti, ameshabadilisha mpaka bushi, muulize kwanza kama ana hizo ringi. Nimeshaona gari inazungushwa gereji mwezi mzima kwa ajili ya ringi.

Sasa ofseti, hapa naomba utulie maana ndo kuna kazi. Nyuma ya rimu utaona ET halafu namba, mfano ET45. Hiyo ni umbali kwa milimita kutoka katikati ya upana wa rimu mpaka pale inapogusana na habu. Namba ikiwa kubwa rimu inaingia ndani, ikiwa ndogo inatoka nje. Subaru inapenda namba kubwa, rimu ya 17 ya kiwandani kwangu ni upana wa inchi 7 na ET55. Sasa tuseme umepata 18 yenye upana wa inchi 8 na ET45, kwenye maneno inasikika kama mabadiliko madogo. Piga hesabu: nusu ya inchi 7 ni 88.9, toa 55 unabaki na 33.9 upande wa nje. Nusu ya inchi 8 ni 101.6, toa 45 unabaki na 56.6. Kwa hiyo ukingo wa rimu umetoka nje karibu milimita 23, na kwa ndani umesogea kama milimita 3 kuelekea shokapu. Milimita 23 kwenda nje ndo ile unapita tuta na watu wanne ndani unasikia "krrr" nyuma, tairi inachunwa na ukingo wa fenda. Fundi atakwambia apige ukingo ukunjwe, rangi inapasuka, masika yakifika kutu inaanza.

Chukua badala yake inchi 7.5 na ET50. Inatoka nje milimita 11 na kidogo, kwa ndani inasogea milimita moja na nusu hivi. Imejaa vizuri, haigusi popote, na bado ina muonekano. Hiyo ndo niliyofunga mimi. Ukitoka nje sana tatizo haliishii kwenye fenda tu, beringi inabeba mzigo kwa pembe ambayo haikutengenezewa na usukani unaanza kuvutwa vutwa na kila mfereji ulio kwenye lami, ile lami iliyobonyezwa na malori utaijua vizuri. Na ndo maana spesa, vile vipande vinavyowekwa kati ya habu na rimu kuitoa nje, sizipendi, unanunua rimu yenye ofseti sahihi halafu kwa mkono wako unaiharibu.

Tairi. Kipimo cha kiwandani kwangu ni 215/45R17, yaani upana milimita 215, ubavu asilimia 45 ya upana huo, rimu ya inchi 17, kimo chake chote ni kama milimita 625. Ukienda 225/40R18 unapata 637, tofauti haifiki asilimia 2, gari haijui hata kama umebadilisha. Kosa linalofanyika sana ni kuweka 225/45R18 kwa sababu "ubavu mnene mkuu utakusaidia kwenye mashimo", hiyo ina 660, zaidi ya asilimia 5. Spidometa ikisoma 50 kumbe uko karibu 53, na askari wa tochi haangalii dashibodi yako, faini ni ile ile. Kanuni wanayotumia watu wa tairi ni usivuke asilimia 3 na mi nakushauri ubaki chini ya 2.

Na hapa ndo utaona kwa nini nasema inchi moja. Ubavu wa 215/45R17 ni milimita 97. Wa 225/40R18 ni 90, umepoteza saba. Ukienda 225/35R19 ubavu unabaki 79, umepoteza kumi na moja nyingine kwa inchi ile ile moja. Sasa toka Tegeta usiku wa mvua ingia barabara yoyote ya mitaa ya ndani, shimo limejaa maji hujui kina chake, hiyo milimita 79 ndo yote iliyo kati ya rimu yako na ukingo wa lami. Wenzetu wa rally wanalijua hili kuliko sisi, magari ya WRC, mashindano ya rally ya dunia, yakikimbia kwenye vumbi na mawe yanavaa rimu za inchi 15, zile za 18 ni za lami. Impreza iliyoshinda Safari Rally na Colin McRae 1997 haikuwa imevaa 19 aisee.

Kitu ambacho wenye Subaru tunajifanya hatukijui: gari inavuta tairi zote nne, na Subaru wenyewe wanataka mzunguko wa tairi zote nne usitofautiane zaidi ya robo inchi, milimita 6 hivi. Kwa kimo cha kashata ya tairi, yale maua yanayogusa lami, hiyo ni kama milimita moja tu. Tairi mpya ina kashata ya kama milimita 8, zako zimeisha nusu, shimo limepasua moja, ukinunua moja mpya ukaichanganya na tatu za zamani umeshavuka hicho kiwango mara nne. Difu ya katikati, inayogawa nguvu kati ya tairi za mbele na za nyuma, inafanya kazi muda wote hata kwenye barabara iliyonyooka kama ya Chalinze, inapata moto, na bei yake unaijua. Kwa hiyo kabla hujachagua saizi uliza kwanza tairi zake zinapatikana madukani, kwa sababu kuna siku utatafuta nyingine za kufanana nazo. 225/40R18 inapatikana kirahisi maana Golf GTI na magari mengi ya Kijerumani yanavaa hiyo. Angalia pia namba ya uzito pembeni ya saizi, 88 maana yake kilo 560 kwa tairi moja, 92 ni kilo 630, mi nachukua yenye 92 iliyoandikwa XL, yaani ya kubeba uzito zaidi. Na zile namba nne za mwisho kwenye DOT, ile kodi iliyo ubavuni mwa tairi, ni tarehe ya kutengenezwa, 3219 ni wiki ya 32 ya mwaka 2019, tairi la mtumba linalong'aa kwa mafuta linaweza kuwa zee kuliko mtoto wako.

Uzito wa rimu watu hawaulizi kabisa. Beba mizani ya bafuni, usione aibu, simama nayo dukani pima. Rimu ya bei chee ya inchi 18 inaweza kukuzidishia kilo kadhaa kila rimu ukilinganisha na ya kiwandani, na kilo hizo shokapu haizibebi, zinaruka na tairi kila shimo, na turbo inatakiwa izizungushe kila unapoondoka. Mtu ametumia hela kuongeza nguvu ya injini halafu ameirudisha yote kwenye rimu.

Kama ni za mtumba, nyingi zinatoka Japani, tafuta alama ya JWL, kiwango cha Kijapani cha rimu za aloi, na ikiwa na VIA, yaani imethibitishwa na wakaguzi huru, ni nzuri zaidi, ingawa wa kukopi wanakopi na alama. Kitu cha maana ni kuomba iwekwe kwenye mashine ya balansi bila tairi, izunguke, wewe chuchumaa uangalie ukingo wa ndani, sio wa nje. Ukingo wa ndani ndo unaopigwa na shimo na ndo hawapaki rangi vizuri. Ikipanda na kushuka imepinda. Pitisha kidole nyuma ya spoku na kwenye pipa la ndani, ukikuta mstari uliovimba au sehemu ina rangi mpya peke yake, hapo pamechomelewa. Aloi ikishapigwa moto ule ugumu wake wa kiwandani umeondoka pale, itanyooka itapendeza na itapinda tena hapo hapo, au itapasuka. Sichukui hata kwa bure.

Siku ya kufunga usikubali tairi zivalishwe kwenye rimu zote nne kwanza. Funga moja mbele bila tairi, WRX za kizazi hiki zina kalipa za breki za pistoni nne zimetokeza nje, rimu inaweza kuwa na inchi za kutosha na bado spoku ikakwangua. Tafuna bablishi, ibandike kwenye kalipa pale inapokaribiana na spoku, zungusha rimu kwa mkono, toa uangalie imebaki nene kiasi gani. Milimita 3 ni sawa, chini ya hapo tafuta rimu nyingine. Halafu vaa tairi, shusha gari, kata usukani mpaka mwisho kulia na kushoto, pakia washkaji wazito siti ya nyuma, pita tuta taratibu dirisha limefunguliwa.

Nati sasa. Subaru ni M12x1.25, Toyota ni M12x1.5, kwa macho ni pacha, na fundi akichukua kwenye kopo akazipiga na mashine ya upepo inaingia kwa nguvu inakula nyuzi, unakuja kulijua siku ya pancha porini. Anza kila nati kwa vidole, ikigoma toa. Kisha kaza kwa kuruka ruka kama nyota, kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, kwa namba iliyo kwenye kitabu cha gari yako, na ukishatembea kilomita 100 hivi rudi ukague tena, rimu mpya huwa zinakaa vizuri baada ya kutembea kidogo. Upepo pima mwenyewe asubuhi tairi zikiwa baridi, kila wiki, 225/40 ikipungua upepo kidogo tu rimu inagonga.

Zile 17 za kiwandani usiuze, hata wakija na hela mkononi. Zivalishe tairi za saizi yake, zifunike turubai, ukiwa na safari ya vijijini au mvua zimeanza rudisha hizo, na ukija kuuza gari mnunuzi anayeijua Subaru atakuulizia.