Malkia wa miaka mitatu: ni yuleyule?

Mwangaluka, kaka wa Magu. Umeuliza kama malkia wa mzinga wako ni yuleyule wa miaka mitatu iliyopita, na kama umnunulie maziwa ya nyuki ya dukani aishi zaidi.

Kuishi anaweza. Malkia hufika miaka 2 au 3, wachache hata 5, ilhali kibarua, yaani nyuki mfanyakazi, wa msimu wa maua hupata wiki 6 hivi. Na yai moja lingeweza kutoa yeyote kati yao! Chakula cha buu ndicho huamua jeni zipi zifanye kazi. Mwili wa malkia hujaa protini iitwayo vitelojenini, inayokinga seli zisiharibiwe na oksijeni. Kwa kibarua hushuka akianza kutoka nje kutafuta nekta. Tena kibarua hula chavua, ambayo mafuta yake huingia kwenye utando wa seli na kuchacha upesi. Malkia hulishwa ute wa tezi za vibarua, ndiyo hayo maziwa ya nyuki, kwa hiyo utando wake hudumu.

Ya dukani achana nayo, vibarua wanatosha. Ila nina shaka ni yuleyule: nyuki wetu hugawanyika sana, na malkia mzee ndiye huondoka na kundi. Mtie malkia uliye naye sasa nukta ya rangi mgongoni, katikati ya mabawa, utajua.