Nafula, ile siku nilikuwa naangalia watu, si skrini

Nafula mama,

Meseji yako ya juzi usiku, ya zile fomu za maoni ya filamu yako ya Mzee Wandera na baiskeli yake ya boda, nimeisoma mara tatu. Umeniuliza hivi: "Baba, watu 31 wamejaza fomu na kila mtu amesema lake, huyu kata, huyu ongeza, lekchara anasema ni ndefu, wengine wamecheka pale mzee anaumia, sasa nimsikize nani?" Nikaona umeituma saa saba usiku nikajua hujalala, mama yako naye akasema mjibu huyu mtoto kabla hajafuta filamu yote kwa laptopu. Basi nakujibu, naandika kwa simu ya mama yako maana yangu kioo kimepasuka, makosa uyavumilie.

Kwanza kuna kitu sikukuambia. Siku ile ya kuonyesha filamu uliponiona nimekaa kiti cha nyuma kabisa karibu na mlango ukamwambia rafiki yako "baba amechoka na basi, saa hii ataanza kukoroma", nilisikia. Busia mpaka Kampala ni kama kilomita 200 na ukifika Mukono foleni inakula saa nzima, kuchoka nilikuwa nimechoka kweli, lakini sikulala hata dakika. Nilikuwa kazini. Filamu yako nilishaiona kwa simu mara mbili, kwa hiyo skrini sikuiangalia sana, niliangalia vichwa vya watu na kila kitu nikawa naandika na dakika yake nyuma ya risiti ya basi.

Si unajua kabla hujazaliwa nilikuwa na kibanda cha video hapa Busia, miaka ya 90, mabati juu na pembeni, viti ni mbao tumepigilia kwa magogo, televisheni moja yenye mgongo mkubwa, deki, jenereta nje, na ubao wa chaki barabarani, saa nne kareti, saa nane Kihindi, usiku vita. Mwenye kibanda ni mimi na viijei ni mimi, nashika maiki napunguza sauti ya filamu natafsiri kwa Kiswahili, maana hapa mpakani na Kenya mteja mmoja ni Msamia, mwingine Mteso, mwingine Mjaluo amevuka kutoka ng'ambo, halafu madereva wa malori wa kila kabila. Viijei hawezi kuangalia skrini peke yake, nusu ya akili inakaa kwa watu. Ukiona mtu mmoja ametoka kwenda kukojoa, huyo amebanwa. Ukiona watu watano wametoka pamoja, hapo ni filamu imewatoa.

Sasa sikiza hii. Kuna wakati wateja walinisumbua mwezi mzima, deki yako mbovu, picha imefifia, hatulipi. Nikapeleka deki kwa fundi, akasafisha, akala pesa, picha ni ile ile. Nikanunua deki nyingine ya mtumba, picha ile ile. Mama yako siku moja ameleta chakula, akasimama mlangoni tu akasema wewe, si bati limetoboka huku nyuma, jua la saa nane linapiga kioo. Akaziba na gunia, ikaisha. Wale wateja hawakudanganya, picha ilikuwa haionekani kweli, lakini habari ya deki walibuni tu maana wao wanajua deki, bati hawakuliona. Nami mjinga nikawafuata wao na dawa yao nikamaliza pesa. Fomu zako zisome hivyo. Mtu akisema hapa niliumia, mwamini, ni mwili wake. Akisema kata hapa ongeza pale, mshukuru, halafu wewe mwenyewe toka utafute tundu liko wapi.

Na hilo swali lako la kwanza kwenye fomu lifute. "Umeipenda filamu? Ndiyo, Hapana." Watu 29 wameweka ndiyo. Banange Nafula, umewapa soda na mandazi, halafu umesimama pale mlangoni na gomesi ya mama yako unapokea fomu kwa mikono miwili, nani atakuandikia hapana? Mgema akisifiwa si unajua mwisho wake. Wakati mwingine waulize waseme hadithi ilikuwa inahusu nini kwa maneno yao, walichoka wapi, na kitu gani bado wanakiona hata wakifunga macho. Na wewe usikae humo ndani. Yule jamaa wa filamu bubu uliyenisimulia likizo, Harold Lloyd, uliniambia alikuwa anaonyesha watu kwanza halafu anarudi kukata, sasa nawe fanya kama yeye, lakini yeye alisikiliza vicheko, hakusimama mbele kueleza kila kitu alimaanisha nini kama ulivyofanya wewe dakika 20. Maelezo yalikuwa marefu kuliko filamu.

Tuje kwa hiyo "ndefu". Dakika 17 si ndefu, hao wa Oscar wenyewe wanaita filamu fupi mpaka dakika 40. Kwa hiyo lekchara anapoumia si kwa saa. Risiti yangu inasema simu ya kwanza imewaka dakika ya 6, kufika dakika ya 8 zilikuwa simu saba ama nane, ukumbi umekuwa kama kanisa la Krismasi. Dakika ya 8 ni sokoni, ndio maana fomu nyingi zinasema toa soko. Usitoe soko! Soko ni tamu, wamefika pale tayari wamechoka. Ugonjwa umeingia dakika ya 5, pale sauti yako inapoanza kusimulia, eti boda boda ilianzia hapa kwetu mpakani, watu wa baiskeli walikuwa wanabeba abiria kutoka boda mpaka boda, na Mzee Wandera ni mmoja wao, anapenda baiskeli yake kama mtoto. Mimi hiyo historia naipenda, ni ya mji wetu, lakini tayari tumemwona mzee anafuta spoku moja moja na kitambaa, tumeona kile kiti cha nyuma amekishonea mto, tumemsikia anaita "boda, boda". Unatuambia kitu tunakiona.

Najua uchungu wa kukata sauti yako mwenyewe. Mimi nilidhani bila maiki yangu hakuna filamu. Siku moja maiki imekufa katikati ya filamu ya Kihindi, ile ya mama na watoto wamepotezana, waya umekatika na fundi hayupo, nikasema leo wataniomba pesa yao. Hakuna mtu alitoka. Madereva wa malori, watu wazima na matumbo yao, wanafuta macho, Kihindi hawajui hata neno moja. Nilikaa pale na maiki mkononi nimeona aibu kidogo, kumbe siku zote nilikuwa naongea juu ya vilio vya watu. Na usiniambie Isaac Nabwana, yule mtengeneza filamu wa kule Wakaliga, Kampala, anaweka sauti ya viijei ndani ya filamu zake, anaweka ndiyo, lakini yule viijei anataniana na watu, anawachokoza, hakai pale kueleza kama mwalimu wa historia. Kama unataka sauti ya kutania sawa, yako haitanii.

Kicheko sasa. Umeandika "wamecheka mzee wangu". Vilikuwa vicheko viwili na wewe umevichanganya. Cha kwanza dakika ya 3, mzee anaamka anaisalimia baiskeli kabla ya kumsalimia mke wake. Hicho ni kicheko cha mtu amemwona babu yake. Niliona mama mmoja anampiga jirani yake begani, "huyo ni mzee wetu kabisa". Ukitoa hapo umewanyima njia ya kumpenda, na wale wale waliocheka dakika ya 3 ndio hawakupumua dakika ya 14 mzee anapokabidhi baiskeli kwa mnunuzi halafu anabaki ameshika ile kengele. Hapo hata kiti hakikulia. Usiguse.

Cha pili ni dakika ya 11, kamera imekaribia uso wa mzee, na kicheko kile Nafula ni haki yao. Yule kijana wenu anayeigiza mzee ana miaka 22, mmemmwagia poda ya mtoto kichwani. Kwa mbali anapita, na kofia anapita, mgongo wake ameukunja vizuri hata mimi nilidanganyika, lakini kwa karibu ile poda inaanguka kwa kola. Pesa ya kurekodi upya najua hamna. Toa hiyo picha ya uso, kuja urekodi mikono ya mjomba wako kwa usukani, mikono yake ina historia yote na hailipishwi, nyama choma tu.

Yule aliyeandika "ongezeni fight" msicheke naye, hapendi ngumi tu, ameona kwamba baba wa baiskeli na mtoto wake wa pikipiki hawajagombana hata mara moja juu ya hiyo pikipiki, kila mtu mpole. Sentensi mbili za ukali jikoni zinatosha. Na maandishi ya chini, ile Kiingereza, mmeyaweka meupe juu ya kanzu nyeupe, halafu mistari mitatu inapita kama basi la usiku. Watu wa Kampala wengi Kiswahili chetu hawakifuati, Baraza la Mawaziri lilikubali Julai 2022 kiwe lugha rasmi, lakini kukubali si kuongea. Mistari miwili, mifupi, yenye kivuli nyuma, na ikae mpaka mtu asome mara moja na nusu.

Sasa kitu ambacho ndio kimefanya niandike yote haya. Ile fomu umenipigia picha ukaweka emoji ya kucheka, "kwa nini huyu kijana ni mkali kwa baba yake?", ukasema huyu hakuelewa kitu. Mimi namjua aliyeandika. Ni yule mzee wa koti la kaki safu ya pili. Mwisho wa filamu, kijana anakuja na pikipiki mpya, baba yake anatembea kwa miguu barabarani, kijana anasimama nyuma yake anasema neno moja, "Panda." Vijana wote walitabasamu. Yule mzee alishtuka, alishika kiti cha mbele. Tukatoka naye mlangoni nikamsalimia, akaniambia kwa Kiganda filamu ni nzuri, ila mwisho umemkumbusha vitu.

Wewe hukuwepo. Miaka ya 80 mwanzoni Kampala askari walikuwa wanazunguka mtaa mzima, wanakusanya watu wanawapakia kwa malori, na amri ilikuwa kwa Kiswahili, panda gari. Watu waliita ile msako hivyo hivyo, panda gari. Wengine hawakurudi. Baba mdogo wangu alikuwa anauza viatu huko, unajua kwamba hatuna kaburi lake, sasa unajua kwa nini. Kwa hiyo mzee wa aina ile akisikia sauti ya kijana nyuma ya mgongo wake, injini inanguruma, taa inammulika, na neno ni hilo peke yake, hajakosea kuelewa. Hiyo lugha yetu ya kuuzia samaki na kubembelezea watoto, kwake iliingia na bunduki.

Nimefikiria sana kama uliondoe. Naona usiliondoe. Hapa Busia panda ni neno la riziki, na filamu ni ya Busia. Lakini mzee wa koti hakupewa hiyo panda ya kwetu asikie, amepewa moja tu, mwishoni, gizani. Unakumbuka klipu uliyonitumia Januari, Mzee Wandera anamchukua yule mwanamke mwenye kuku, anamshikia baiskeli isiyumbe, anamwambia "panda mama, panda polepole, kuku umshike vizuri"? Ukanambia umeitupa kwa sababu ya kelele za lori. Nafula, ni Busia, lori litakosekana aje? Irudishe mwanzoni, dakika ya 2, na kelele zake. Halafu mwisho kijana afute kiti kwanza na mkono wa shati kama baba yake anavyofuta, ndio aseme.

Ukimaliza kuja nayo. Nimeongea na mwenye ule ukumbi wa mpira karibu na soko, anatupa Ijumaa jioni kabla ya mechi, viti vipo, mafuta ya jenereta juu yangu. Wamama wa samaki watakuja, watu wa boda watakuja, soda hakuna, na wewe utakaa nje na mama yako mpaka iishe. Mimi nitakaa nyuma. Nimeshatafuta risiti nyingine.

Baba yako