Tangazo Lisikike, Lionekane Pia

Wewe unayeanza kazi ya kuufanya usafiri wa umma uwafae viziwi na wasioona, usipime kituo siku kimetulia. Kipime siku treni inapohamishiwa njia nyingine ghafla. Kipaza sauti kinatangaza, watu wanabeba mizigo na kukimbilia upande wa pili, abiria kiziwi anabaki akiwatazama, na skrini iliyo mbele yake bado inaonyesha njia ya mwanzo. Ndiyo maana nasisitiza kitu kimoja kuliko vyote: kinachotangazwa kiandikwe, na kinachoandikwa kitamkwe, papo hapo. Maneno yawe machache na yakae kwenye skrini, yasipite mbio, maana si kila kiziwi anasoma kwa wepesi. Vilevile si kila asiyesikia anajua lugha ya alama. Wengi wamepoteza usikivu ukubwani.

Kwa wasioona, jifunze vizuri vigae vya mguso, yaani vigae vya sakafuni vyenye alama zilizoinuka ambazo mtu huzihisi kwa unyayo au kwa fimbo. Mjapani Miyake Seiichi alivibuni mwaka 1965, na vikawekwa barabarani kwa mara ya kwanza mjini Okayama mwaka 1967. Vyenye mistari humwambia mtu aendelee. Vyenye vinundu humtahadharisha asimame, kuna ukingo, ngazi au njia panda. Fundi akivichanganya ili sakafu ipendeze, sharti ving'olewe, kwa sababu mtu atauamini unyayo wake na kuvuka ukingo. Rangi nayo isifanane na sakafu: wengi wanaoitwa vipofu bado wanaona kidogo, na njano juu ya kijivu inawasaidia sana. Kisha uvikague mara kwa mara. Utakuta baiskeli imeegeshwa juu yake, au ubao wa matangazo.

Ndani ya basi, kituo kitajwe kabla halijasimama, abiria apate muda wa kujiandaa. Mtambo ukiharibika, dereva atamke mwenyewe. Hilo liwemo kwenye mafunzo yake.

Mkubwa wako akiuliza haya yametoka wapi, mwonyeshe ibara ya 9 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, wa mwaka 2006. Na viziwi na wasioona wenyewe uwaite wakati kituo kingali mchoro, uwalipe kama wataalamu wengine. Zege likishamwagwa, utaambiwa bajeti imekwisha.