Kabla ya kupakua data, kashike Kitabu Namba 5

Juzi mdogo wangu mmoja anayesoma uzamili wa afya ya jamii kaniandikia: "Kaka, data zote nimeshazitoa DHIS2. Zahanati hata moja sijakanyaga. Nimalizie tu?" (DHIS2 ni mfumo wa kompyuta unaokusanya takwimu za vituo vya afya.)

Nilicheka, halafu kicheko kikanikauka. Mimi nilifanya hivyohivyo.

Mada yangu ilikuwa malaria kwa wagonjwa wa nje. Nikapakua miezi 24, nikachora grafu za kupendeza, na kila palipokuwa patupu nikajaza sifuri. Siku ya kutetea utafiti, mtahini akauliza: "Hizi sifuri, watu hawakuugua au kituo hakikuripoti?" Nikaanza porojo. Akaniacha nimalize, kisha akasema mbele ya wenzangu kwamba mimi sijawahi kushika kitabu cha MTUHA, yale madaftari ya kuandikia wagonjwa kituoni ambako takwimu hizo hutoka. Ilikuwa kweli, na mpaka leo inaniuma.

Nikarudishwa. Zahanati niliyokwenda, mganga mfawidhi ndiye anayetibu, ndiye anayechoma sindano muuguzi akiwa likizo, na mwisho wa mwezi ndiye anayehesabu vijiti, mafungu ya tano tano, ili ripoti ifike wilayani kabla ya tarehe 7. Kitabu Namba 5, cha wagonjwa wa nje, kilikuwa kimejaa na kipya hakijaletwa. Wakawa wanaandika kwenye kaunta buku waliyoipiga mistari kwa rula, na safu ya majibu ya kipimo cha malaria wakaisahau. Mwezi huo kwenye kompyuta ulikuwa mtupu. Mimi niliuita sifuri, kumbe ni masika, foleni imefika chini ya mwembe.

DHIS2 nayo ina tabia yake: kwa kawaida sifuri haihifadhi mpaka kipengele husika kipangiwe hivyo. Kwa hiyo patupu huweza kuwa sifuri halali, au ripoti ambayo haikuja kabisa. Ukiwa umekaa maktaba utajuaje?

Kwa hiyo nenda. Chagua kituo kimoja, mwezi mmoja, uhesabu kitabuni kwa mkono wako, ulinganishe na fomu ya mwezi, kisha na kompyuta. Beba kibali cha maadili na barua ya halmashauri, lakini nenda. Vijana mnataka digrii isiyo na vumbi! (Haya, nimeshaanza kuhubiri.)

Nilimwandikia yote haya. Kajibu: "Kaka, si nimwombe mganga anipigie picha kurasa, anitumie WhatsApp?"

Kitabu kina majina ya wagonjwa, mdogo wangu. Panda basi.