Presha ya oili kuwa juu sio kwamba oili imefika

Wadogo zangu mnaoanza gereji, hili la presha ya oili lishikeni mapema, mimi lilinichukua miaka kulielewa. Pampu ya oili haitengenezi presha jamani, kazi yake ni kusukuma oili, kila ikizunguka inasukuma kiasi kilekile, presha inakuja pale oili inapobanwa njiani. Nenda wanapoosha magari, ziba mdomo wa mpira kwa kidole gumba, maji yataruka mbali mpaka useme yameongezeka, sasa kinga ndoo uone, inachelewa kujaa kuliko mpira ukiwa wazi.

Kuna Hiace ililetwa inagonga juu, tiktiktik, mwenyewe anaapa taa ya oili, ile ya kwenye dashibodi inayowaka presha ikishuka, haijawahi kuwaka. Nikatoa swichi ya oili, ndo inayowasha hiyo taa, nikafunga geji ya mkono ya kupimia presha, inasoma vizuri kabisa, injini ya baridi na ya moto. Nafungua kava la juu, kamshafti, ile shafti ya juu inayofungua valvu, kavu, imechubuka na sehemu moja imegeuka bluu. Tukashusha silenda hedi, kile kichwa cha injini, kumbe aliyeifunga kabla yetu alipaka silikoni kwenye gasketi, ikaminyika ikaziba tundu la oili linalopanda juu, kipande cha kijivu hakizidi punje ya mchele. Swichi iko chini kwenye bloku, yaani mwili wa injini, oili inaipita kabla haijafika palipoziba, sasa itajuaje kama juu kumekauka?

Halafu hii ya kuweka oili nzito, inaniuma sana kwa sababu mteja analipa na anaondoka anafurahi. Taa inawaka kwenye sailensa, yaani injini ikinguruma yenyewe bila kukanyaga mafuta, ikishachemka, fundi anamwaga oili anaweka nzito, taa inazima. Beringi zimelika, ile nafasi kati ya beringi na krenki (shafti kubwa ya chini inayozungushwa na pistoni) ambayo ikiwa mpya ni kama 0.03 mm, hata unywele haupiti, imepanuka na oili inamwagikia hapo. Oili nzito inapita kwa shida ndo maana presha inapanda, ila beringi bado imelika vilevile, na siku konrodi, mkono unaounga pistoni na krenki, ikigonga utaitwa wewe. Pima kwa geji kwanza, manyuali nyingi za Toyota zinakubali hata 0.3 bar kwenye sailensa, kwenye resi 3000, yaani mizunguko 3000 kwa dakika, ndo inatakiwa ifike 2.5 au zaidi, kwa hiyo kushuka injini ikiwa ya moto peke yake sio ugonjwa.

Na asubuhi injini baridi geji ikiwa juu kabisa usipige resi, oili ni nzito, valvu ya presha, inayofunguka presha ikizidi, inafunguka na oili nyingi inarudi sampu (bakuli la oili chini ya injini) kabla ya kufika kwenye beringi.

Mimi sasa hivi nikifunga injini naacha kava la juu wazi, nakata mafuta isiwake, napiga stata kidogo kidogo mpaka nione kwa macho yangu oili inachuruzika kwenye kamshafti, ndo nafunga kava.