Jibu: Walimu wapate vipi sauti kwenye matumizi ya ruzuku?

Mwalimu wa Chamwino, umeuliza walimu wafanyeje ili washirikishwe kwenye matumizi ya ruzuku, yaani fedha ambazo serikali huipa shule kwa kila mwanafunzi, badala ya kukuta manunuzi yameshafanyika.

Anzieni na hesabu. Kati ya shilingi 10,000 za mwanafunzi wa msingi kwa mwaka, 6,000 ndizo huingia akaunti ya shule. 4,000 ni za vitabu, hazipiti kwenu. Kwa shule yenye wanafunzi 480, hizo 6,000 ni kama 240,000 kwa mwezi. Hapo kuna chaki, karatasi za mitihani, kitasa kilichovunjika. Ukiomba bila bei, utajibiwa "fedha hakuna" na mjadala umeisha.

Kila mwalimu wa somo aandike kitu, idadi na bei ya dukani. Jadilini kwenye kikao cha walimu kabla kamati ya shule haijakaa, na muhtasari usainiwe siku hiyohiyo. Wengi hukwama hapa: wameongea vizuri, karatasi haipo. Mwalimu mkuu ndiye katibu wa kamati, basi mwombeni kwa maandishi aiweke orodha hiyo kwenye ajenda, na mwakilishi wa walimu aingie na nakala yake.

Msingoje fedha ziingie. Hitaji lisilokuwemo kwenye mpango na bajeti ya shule husumbua kulipwa hata kamati ikiliafiki, kwa hiyo pelekeni mapema, bajeti ya Julai ikiwa bado inaandaliwa.

Kwa maoni yangu, vifaa vya kufundishia vingeamuliwa na walimu wenyewe, kamati ibaki kukagua. Mwalimu wa darasa ndiye anayejua dawati gani linakaliwa na watoto watano.