Mstari wa wakati ukutani: sentimita moja, mwaka mmoja

SWALI: Ni mama wa watoto watatu hapa Katuba, Lubumbashi. Wa pili, mwenye miaka 9, anakariri tarehe za historia bila shida, lakini juzi aliniuliza kama Msiri, mfalme wa kale wa huku Katanga, na rais Mobutu waliwahi kupigana. Nilimchorea mstari wa wakati wenye picha kumi, zote kwa nafasi sawa. Bado anachanganya. Nimekosea wapi?

JIBU: Mama, shida iko kwenye hizo nafasi sawa. Kutoka kifo cha Msiri, 1891, hadi kuanzishwa kwa mji wetu, 1910, ni miaka 19. Kutoka uhuru, 1960, hadi Mobutu kutwaa madaraka, 1965, ni miaka 5. Kwenye mchoro wako vipindi hivyo vinalingana, na mtoto wa umri huo huamini anachokiona kuliko namba iliyoandikwa chini yake.

Chukua karatasi tano za A4, zilaze, uziunganishe kwa gundi, kila moja ikipanda juu ya mwenzake sentimita moja. Utapata ukanda wa sentimita 144 hivi. Sentimita moja iwe mwaka mmoja. Anzia 1885, mfalme Leopold II wa Ubelgiji alipojitwalia Kongo, na nafasi itatosha hadi leo. Pima kwa rula, andika kwanza kwa penseli.

Msianze kujaza na Leopold. Anzeni upande wa leo: mwaka aliozaliwa mtoto, wako, kisha wa nkambo wake, yaani babu au bibi. Kama nkambo alizaliwa 1952, yuko kwenye sentimita ya 67, na mtoto ataona mwenyewe kwamba nkambo alikuwa na miaka 8 Kongo ilipopata uhuru. Hapo amwendee amuulize anakumbuka nini. Maswali ya namna hiyo hayatoki kwenye daftari la kukariri.

Tukio la siku moja mpe kitone. Kipindi kipakwe rangi urefu wake wote. Ukoloni wa Ubelgiji, 1908 hadi 1960, utakuwa na sentimita 52. Nchi yetu ilipoitwa Zaire, 1971 hadi 1997, sentimita 26. Kujitenga kwa Katanga, jimbo letu, na Kongo, kuanzia Julai 1960 hadi Januari 1963, hakufiki hata sentimita tatu, ingawa wazee wetu hawaachi kukusimulia. Mwache mtoto alishangae hilo. Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, aliyeuawa karibu na mji huu tarehe 17 Januari 1961, ataangukia ndani ya kipande hicho kifupi, na mtoto ataelewa kwa nini aliletwa huku. Na kama familia yenu iliguswa na kufukuzwa Katanga kwa Wakasai, watu wenye asili ya Kasai, 1992 na 1993, iwekeni pia, kwa maneno machache ya kweli. Mtaani ataisikia tu. Afadhali aisikie kwenu.

Ya kale zaidi usiyabanebane mwanzoni mwa karatasi. Misalaba ya shaba ilikuwa tayari ikizikwa na wafu huko Upemba, kaskazini mwetu, katika miaka ya 1300. Kwa kipimo chenu hicho ni karibu mita sita kushoto mwa Leopold. Vuteni kamba uani, mtoto aitembee.

Kazi ikiisha, asisome mstari: ausimulie, kidole kikigusa picha moja baada ya nyingine. Waluba walikuwa na lukasa, ubao wa mbao wenye shanga, ambao wataalamu wa chama cha Mbudye waliugusa kwa vidole huku wakisimulia wafalme na safari zao. Nakuhimiza umwoneshe mtoto picha yake, ajue kwamba kazi hii ina mizizi kwetu.

Ubandike ukanda usawa wa macho yake, mbali na ukuta unaoloa wakati wa mvua. Picha za familia msizibandike zenyewe, maana gundi haitoki. Pigeni fotokopi, au mtoto achore nkambo wake kwa mkono wake.